Somo: Kutoa makala ya jarida kwenye tasnifu yako ya uuguzi

Wauguzi wengi hapa Moshi wanamaliza uzamili, tasnifu inapigwa jalada gumu, inapelekwa maktaba, basi. Kama matokeo yako yanafaa wodini, yachapishe.

1. Chagua jarida kabla ya kuandika. Soma makala zake za karibuni na maelekezo kwa waandishi. BMC Nursing, kwa mfano, husomwa bure, lakini ada hutozwa upande wa mwandishi. Msamaha wa ada uombe unapotuma, si baada ya kukubaliwa.

2. Punguza. Hapa ndipo wengi hukwama, maana kila sura inauma kuikata. Chukua swali moja la utafiti, mengine yaache. Mapitio ya maandiko yabaki aya tatu nne. Mbinu ndizo usizikate ovyo: mhakiki, yaani mtaalamu anayeipima makala yako kwa niaba ya jarida, atauliza wagonjwa walipatikanaje, nani aliwahoji, wangapi walikataa. Kama ulitumia dodoso, jipime kwa STROBE, orodha ya mambo ambayo makala ya utafiti wa aina hiyo inapaswa kuyaeleza. Kwa mahojiano ya kina kuna orodha kama hiyo, COREQ, yenye vipengele 32.

3. Andika namba ya kibali cha maadili. Mwenye kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) asome masharti yake hadi mwisho: hata kuchapisha kunahitaji ruhusa yao.

4. Tuma jarida moja tu kwa wakati mmoja. Maoni ya wahakiki yakirudi, nakili kila hoja, jibu chini yake, taja ukurasa ulioubadilisha. Hukubaliani? Toa ushahidi, usinune.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Kuna jarida limeniandikia barua pepe ya sifa tele, wanachapisha ndani ya siku nne. Nitume?

Marahaba. Usitume. Siku nne hazitoshi hata kupata wahakiki. Pitia maswali ya Think. Check. Submit., tovuti ya kukusaidia kupima kama jarida linaaminika, kisha litafute kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya kusomwa bure yaliyokaguliwa.

Mimi niko Arusha. Mkuu wangu wa kitengo hakushiriki, ila anataka jina lake liwemo.

Vigezo vya kuitwa mwandishi vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni vinne, na vyote vitimie: kuchangia wazo, data au uchambuzi; kuandika au kuhariri kwa kina; kuidhinisha nakala ya mwisho; kuwajibika kwa kazi nzima. Asiyevitimiza huwekwa kwenye shukrani. Kumwambia mkubwa wako hivyo ni shughuli nyingine. Mtangulize msimamizi wako.

Makala ninazotaka kurejelea zinadai dola.

Muulize mkutubi wa chuo au hospitali yako kuhusu Hinari, mpango wa WHO wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo makala za afya bure au kwa bei nafuu. Taasisi ikishasajiliwa, unaingia kwa nywila yake.