Gari ya stima hadi Mombasa: jinsi ya kupima chaja za kasi kabla hujatoka Nairobi

Binamu yangu amenunua Nissan Leaf (gari ya stima) ya betri ya 40 kWh, yaani kiasi cha stima inayobeba, kutoka Japani na cha kwanza aliniuliza ni "kuna chaja ngapi hadi Mombasa?" Hilo swali halikusaidii. Uliza ni plagi ngapi zinazoingia kwa gari YAKO, zinazowaka siku hiyo, na zinatoa nguvu kiasi gani. Nimemsaidia kukagua barabara yote, na hivi ndivyo tulifanya.

Hatua ya 1: Soketi

Soketi ya kuchaji kasi ya Leaf ya Japani ni aina ya CHAdeMO. Gari mpya nyingi zinazouzwa huku zina aina nyingine, CCS2. Ukiona kituo kimeandikwa 60 kW (nguvu ya kuchaji) na kina CCS2 peke yake, kwa Leaf hicho ni kivuli cha kupumzikia tu. Kuna adapta ya kutoka CCS2 kwenda CHAdeMO, lakini ile ina kompyuta ndani na inahitaji kusasishwa programu, mimi siwezi panga safari ya familia juu ya adapta. Beba ukitaka, usiihesabu.

Hatua ya 2: Ramani

Fungua PlugShare, apu ya ramani ya chaja, chuja kwa plagi yako, soma maoni ya watu. Kituo ambacho hakuna mtu ameandika kitu kwa miezi miwili, futa. Grupu ya WhatsApp ya wenye gari inashinda apu yoyote, wacha nikwambie ukweli.

Hatua ya 3: Mlima

Hii watu wanaruka. Nairobi iko juu kama mita 1,700, Mombasa iko baharini, kwa hivyo kwenda na kurudi ni safari mbili tofauti. Kupandisha gari ya kilo 1,700 hiyo mita 1,700 kunakula karibu 8 kWh, yaani moja ya tano ya betri ya 40, na hiyo ni juu ya ile stima ya kusukuma gari kilomita 480. Kwa hivyo pima vituo ukitumia hesabu ya KURUDI. Ukishuka nayo ikafika na asilimia 25, usidhani ukipanda itakuwa hivyo.

Hatua ya 4: Enda uchaji kweli kweli

Hapa ndio kazi iko, kwa hivyo nisome polepole.

Usiamini "inapatikana" ya apu. Ile rangi ya kijani inamaanisha chaja inaongea na seva, basi. Kichwa cha plagi kinaweza kuwa kimevunjika, waya umekatwa, skrini imekufa, na bado apu inakuambia karibu. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na David Rempel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley walizunguka vituo vya eneo la San Francisco, wakajaribu plagi 657 moja moja kwa kuchaji dakika mbili. Zilizofanya kazi zilikuwa asilimia 72.5. Na kuna zingine, karibu asilimia 5, ambazo waya ulikuwa mfupi haufiki kwa gari! Hiyo ni Marekani, na stima yao.

Njia yao ndio tumeiga ila dakika mbili ni kidogo, mimi nataka kumi. Fika na betri iko kati ya asilimia 20 na 40. Ukifika na 75 utaona chaja inatoa kidogo ukaiita mbovu, kumbe ni gari yako inajikinga. Alafu joto: Leaf hii haina mfumo wa kupoza betri, ukitoka mbio ya lami ya saa mbili na jua la Voi, yenyewe inapunguza nguvu inayoomba. Kwa hivyo ukipata nambari mbaya, angalia kwanza joto la betri (LeafSpy, apu ya kusoma betri ya Leaf, na kale kadude ka OBD kanakochomekwa ndani ya gari, usijaribu hii kazi bila hiyo), ikiwa imepoa na bado unapata 20 kW basi hapo shida ni ya chaja.

Alafu ujue kwamba 50 kW iliyoandikwa kwa sanduku si ahadi. Chaja nyingi za CHAdeMO zinaishia ampea 125, na betri ya Leaf iko volti kama 360, zidisha uone: 45 kW. Ukipata 42 hadi 45 hiyo chaja ni nzima. Ukipata kama nusu hivi, angalia kando yako kama kuna mtu mwingine amechomeka, ju sanduku zingine zinagawanya nguvu kwa plagi mbili. Jaribu ukiwa peke yako, alafu jaribu tena mkiwa wawili, na uandike zote.

Andika pia jinsi ulivyoianzisha. Je, ilikubali mara ya kwanza ama ulichomeka na kuchomoa mara nne? Inataka apu, na hiyo apu inataka SMS ya kuthibitisha, na hapo kituoni netiweki iko? M-Pesa ya moja kwa moja inaingia, ama lazima ujaze pesa kwa apu na ile inayobaki inakaa huko? Ukipiga ile nambari ya msaada saa nne usiku, kuna mtu anashika? Mimi nampigia kabla nichomeke, asiposhika nampunguzia alama hata kama chaja ni nzuri.

Na hesabu plagi kwa kila kituo. Tuseme kila plagi inafanya kazi mara 4 kwa 5. Safari ya vituo vitatu vyenye plagi moja moja, uwezekano wa vyote kuwaka ni kama asilimia 51, hiyo ni kurusha sarafu. Kila kituo kikiwa na mbili inapanda hadi 88. Lakini hiyo hesabu inataka plagi ziwe kwa masanduku tofauti, zikitoka sanduku moja zinakufa pamoja, na stima ikipotea hata kumi hazikusaidii. Agosti 2023 nchi karibu nzima ilikaa gizani, kwa hivyo uliza kama jenereta ya kituo inalisha chaja ama ni ya pampu na taa tu. Mara nyingi ni ya taa.

Hatua ya 5: Bei

Geuza kila kitu kiwe shilingi kwa kWh. Wa kutoza kwa dakika ndio wa kuangalia sana: tuseme ni shilingi 10 kwa dakika, ukipata 45 kW unalipa kama 13 kwa kWh, ukipata 20 kW unalipa 30, chaja ile ile. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya kawi ya Kenya, ilileta bei maalum ya stima ya magari, shilingi 16 kwa kWh na usiku 8 kabla ya kodi na makato mengine, kwa hivyo mtu akikutoza mara tano ya hiyo, ujue unalipia mashine na eneo.

Hatua ya 6: Mahali penyewe

Taa, choo, askari. Chukua namba ya huyo askari, ndiye atakuambia asubuhi kama kuna pikapu ya mtu imelala mbele ya chaja.