Kupiga AC/DC Mombasa: anzeni na gitaa la rithim

Bendi nyingi za Pwani zikiamua kupiga AC/DC huanza kumtafuta mpiga solo. Kosa la kwanza ni hilo. Bendi hii ya roki iliyoundwa Sydney mwaka 1973 na ndugu wawili wazaliwa wa Glasgow, Malcolm na Angus Young, imejengwa juu ya mkono wa kulia wa Malcolm. Angus alivaa sare ya shule na kukimbia jukwaani. Kaka yake alisimama nyuma karibu na ampu (kikuza sauti) na kushikilia wimbo wote. Mpeni rithim mwanamuziki wenu bora, hata akinung'unika.

Kusikiliza kwenyewe kuna mpangilio. Msianze na albamu ya Back in Black ya 1980, ambayo imesafishwa sana na ufundi wake umefichika. Anzeni na Powerage ya 1978: magitaa yako wazi na kila kosa lingesikika. Kisha Highway to Hell ya 1979, ya mwisho kwa mwimbaji Bon Scott, aliyefariki London Februari 1980. Ndipo mwende Back in Black, iliyorekodiwa Nassau, Bahamas, na Brian Johnson kwenye maikrofoni. Utakachogundua ni kwamba mwimbaji alibadilika lakini rithim haikuyumba, na ndiyo maana bendi haikufa.

Sasa gitaa. Malcolm alifunga nyuzi nene, inchi 0.012 hadi 0.056, na uzi wa tatu ukiwa wa kuzungushiwa waya. Angus alitumia nyembamba, 0.009 hadi 0.042. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha sauti zao. Kwa gitaa la kawaida la dukani tunashauri 0.011 hadi 0.050 kwa rithim. Mkizidisha unene bila kurekebisha gitaa, shingo huvutwa na kupinda, nyuzi zinapanda juu na vidole vinaumia. Kazeni chuma kilicho ndani ya shingo robo mzunguko tu, acheni gitaa lipumzike hadi kesho, kisha pimeni tena. Mkisikia uzi unalia "tik" mnapotyuni, mfereji wake pale karibu na kichwa cha gitaa ni mwembamba. Mpelekeeni fundi aupanue.

Hewa ya chumvi ya Nyali au Likoni hula nyuzi haraka. Zifuteni kwa kitambaa kikavu cha pamba kila mnapomaliza, juu na chini ya uzi, na gitaa lilale ndani ya kasha, si ukutani karibu na dirisha.

Kuhusu mkwaruzo, hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Sauti ya AC/DC si chafu kama inavyodhaniwa. Ampu zao za Marshall zilifunguliwa sana hadi zikaanza kukwaruza zenyewe; hakuna pedali iliyofanya kazi hiyo. Kwa ampu ndogo ya mazoezi, wekeni geini (kiwango cha mkwaruzo) 3, besi 4, kati 7, juu 6, kisha ongezeni volyumu. Piga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya A yote: ukisikia kila uzi, mko sawa. Ukisikia mvumo mmoja tu, punguza geini. Mpiga solo aongeze kidogo, asizidi 5, la sivyo magitaa mawili yatameza dramu.

Wapigaji waliokulia kwenye rumba na benga wana tatizo lao, nalo ni ufundi uliozidi. Wamezoea kujaza kila nafasi, rithim na solo zikisukana. Huku, kimya ni sehemu ya pigo. Chukueni wimbo wa Highway to Hell, mapigo 116 kwa dakika: A, kisha D yenye F-kali chini, kisha G. Baada ya kila kundi la kodi, kiganja cha kulia kinashuka juu ya nyuzi na vidole vya kushoto vinalegea kwa wakati mmoja. Ukitumia mkono mmoja pekee, uzi mmoja utaendelea kulia na pengo litapotea. Fanyeni kwanza kwa mapigo 80, dakika kumi, bila dramu.

Mpiga besi asiingie mapema: katika wimbo huo hunyamaza beti nzima na kuingia kwenye kiitikio, ndiyo maana kiitikio kinaonekana kupanuka. Akiingia, apige kwa piki (kipande kidogo cha plastiki), noti ya mzizi (inayoipa kodi jina), nane kwa kila baa. Dramu ni besi dramu pigo la 1 na 3, sneya 2 na 4, kama alivyofanya Phil Rudd, mpiga dramu wa AC/DC. Mapambo yazuiwe kabisa mwezi wa kwanza. Kasi ikipanda kwenye kiitikio, chanzo karibu kila mara ni mpiga dramu anayejaza kabla ya kuingia.

Ampu ya mtumba kutoka Australia inakubali umeme wetu wa volti 240. Badilisheni plagi tu. Ya Marekani ni ya volti 120: bila transfoma itaungua. Stima ikipotea, zimeni ampu papo hapo, maana inaporudi huja na kishindo. Ampu ya valvu (yenye mirija ya kioo ndani) isiwashwe kamwe bila spika kuunganishwa.

Kwenye mitaa ya nyumba zilizobanana kama Majengo, pangeni mazoezi baina ya swala, na adhana ikisikika nyamazeni. Rekodini kwa simu iliyowekwa mwisho wa chumba, mbali na ampu. Mkisikiliza, msitafute solo. Hesabuni mapengo: yakisikika safi yote, ongezeni wimbo wa pili, Back in Black, mapigo 94, kodi za E, D na A.