Kuhimilisha ng'ombe kwa saa uliyoipanga: hatua kwa hatua

Joto la ng'ombe, yaani kipindi anapokubali kupandwa, hudumu saa chache tu, na likija usiku hakuna anayeliona. Utaratibu huu hausubiri dalili: unaziongoza homoni ili yai litoke kwa wakati unaoujua. Dawa zote zichomwe na daktari wa mifugo au kwa maelekezo yake.

1. Hakikisha hana mimba. Hapa usikubali neno la mtu, pima. Prostaglandini, homoni utakayochoma baadaye, hutoa mimba. Awe pia ametimiza siku 50 tangu azae, na asiwe amekonda. Mbavu zikihesabika, mlishe kwanza, maana ovari zilizolala kwa njaa haziitikii sindano vizuri.

2. Jumatatu, saa 3 asubuhi: GnRH. Homoni hii huiamuru tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, imwage LH, homoni inayotoa yai. Kifuko cha yai kilichokomaa hupasuka, na pale kilipopasuka hujengeka tezi ya manjano inayotoa projesteroni, homoni inayozuia joto. Vifuko vipya huanza kukua.

3. Jumatatu inayofuata, saa ile ile: prostaglandini. Huisambaratisha tezi ya manjano. Projesteroni hushuka, kifuko kikubwa hukomaa kikitoa estrojeni. Kwa nini tumesubiri siku 7? Kwa sababu tezi ya manjano ikiwa changa, ndani ya siku 5 za mwanzo, dawa hii haiiwezi. Wengi huchoma prostaglandini peke yake bila kujua ng'ombe yuko siku ya ngapi ya mzunguko, kisha hulaumu dawa. Vaa glavu, kwani hupenya kwenye ngozi. Mjamzito na mwenye pumu wasiiguse kabisa.

4. Jumatano, saa 11 jioni: GnRH tena. Ni saa 56 baada ya prostaglandini.

5. Alhamisi, saa 3 asubuhi: himilisha, yaani mpandikizie mbegu kwa mrija, hata kama hajaonyesha joto. Yai hutoka kati ya saa 24 na 32 baada ya GnRH ya pili, na mbegu huhitaji muda wa kujiandaa ndani ya njia ya uzazi. Akisimama kupandwa kabla ya Jumatano jioni, acha sindano iliyobaki ufuate kanuni ya kawaida: aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni, wa jioni ahimilishwe asubuhi.

Kwa mitamba, yaani majike ambayo hayajazaa, utaratibu huu hufanya kazi kwa udhaifu zaidi. Kwao napendelea kifaa cha projesteroni kinachowekwa ukeni.

Baada ya hapo mchunguze kwa makini siku ya 18 hadi 24. Asiporudi kwenye joto, usimhesabu kuwa ana mimba mpaka apimwe.