Umegeuza betri ya gari? Usirudishe moto kabla ya kufunga balbu hii

Juzi usiku kule Kibirizi, hapa Kigoma, mfanyabiashara mmoja wa dagaa alikuwa anarudisha betri kwenye Noah yake baada ya kuichajisha. Tochi ya simu mdomoni, mikono yote miwili ndani ya boneti. Kichwa kimoja cha waya kikagoma kuingia kwenye nguzo ya betri, akakigonga kwa jiwe mpaka kikakaa. Cheche, harufu ya plastiki, kimya. Asubuhi gari likaletwa kwangu Mwanga likivutwa kwa kamba, na njiani ameshaambiwa na watu watatu kwamba kontroboksi, ile kompyuta ya injini, imekufa, aanze kutafuta pesa.

Kontroboksi ilikuwa nzima. Kilichoungua ni fyuzi moja na dayodi za alteneta, ile inayochaji betri. Ndiyo maana naandika somo hili, kwa sababu hofu ya kontroboksi inawagharimu watu kuliko betri iliyogeuzwa chanya kwa hasi.

Kwanza lile jiwe. Nguzo ya chanya ni nene kuliko ya hasi, na imefanywa hivyo makusudi. Betri za nguzo nene zina milimita 19.5 upande wa chanya na 17.9 upande wa hasi. Zile za Kijapani zenye nguzo nyembamba ni 14.7 na 13. Kichwa cha hasi hakiingii kwenye nguzo ya chanya bila kulazimishwa. Ukijikuta unatafuta jiwe, acha, angalia alama upya. Kosa la pili linaanzia dukani: 55D23L na 55D23R ni betri za ukubwa uleule ila nguzo zimebadilishana upande. Ukiuziwa R badala ya L halafu ukafunga kwa mazoea ya "chanya huwa huku", umeshaunguza.

Hatua ya 1: Fungua, usijaribu kuwasha. Kwa gari nyingi ni spana namba 10. Hata kama umegundua kosa ndani ya sekunde mbili, usigeuze vichwa haraka haraka ukapiga stata "kuona kama bado ipo". Jiulize pia: wakati wa kosa, swichi ilikuwa ON au OFF? Kama ilikuwa OFF, sehemu kubwa ya kontroboksi ilikuwa imekatiwa njia na swichi na rilei. Hiyo ni nafuu kubwa.

Hatua ya 2: Pima betri yenyewe. Mita kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye chanya. Iliyojaa inasoma kama 12.6; ikiwa 12.2 imebaki nusu hivi. Iliyovimba usiihangaikie. Mita ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, na una hakika waya zako ziko sawa, basi betri yenyewe imegeuka. Hutokea ikiisha kabisa halafu ikachajiwa kinyume.

Hatua ya 3: Fyuzi kubwa. Iko ndani ya boneti, kwenye boksi la fyuzi au juu ya kichwa cha chanya. Kwa Toyota nyingi imeandikwa ALT, ampea 100 au 120. Usiivute kwa koleo! Imefungwa kwa skrubu au nati, mara nyingine kwa chini, kwa hiyo boksi zima linyanyuliwe. Nimeshapokea maboksi mengi yaliyopasuliwa na watu wenye haraka. Ipime kwa mita. Kioo chake kinaweza kuonekana safi na ndani imekatika.

Hatua ya 4: Balbu. Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo fyuzi ya pili inapoungua.

Ndani ya alteneta kuna dayodi, sita au zaidi. Zinafanya kazi kama vali ya tairi la baiskeli: upepo unaingia, hautoki. Betri ikikaa sawa, moto wake haupiti kwenye dayodi kwenda bodi ya gari. Ukiigeuza, zote zinafunguka kwa pamoja na moto unapita bila kizuizi. Hapo ni mashindano, ama fyuzi ikatike kwanza ama dayodi zife. Dayodi ikifa huwa inabaki wazi pande zote mbili, na ukiweka fyuzi mpya moto unakimbilia palepale.

Kwa hiyo funga fyuzi mpya, funga kichwa cha chanya, lakini cha hasi kiache. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunge waya mbili. Mmoja ushike nguzo ya hasi, mwingine ushike kichwa cha hasi kilichoachwa. Funga milango yote, swichi OFF. Balbu hiyo haipitishi hata ampea 2, hivyo hakuna kitakachoungua.

Isipowaka, au ikionyesha uzi mwekundu hafifu tu, endelea. Ikiwaka kwa nguvu kama iko kwenye betri moja kwa moja, kuna shoti. Ichomoe ile waya nene ya nyuma ya alteneta. Balbu imezima? Dayodi ndizo. Bado inawaka? Chomoa fyuzi ndogo moja moja mpaka ile itakayoizima.

Ile Noah balbu iliwaka mwanga wa kuumiza macho, nikalegeza nati ya alteneta, ikazima. Mwenyewe alikaa chini kwenye tairi kuukuu akacheka peke yake.

Hatua ya 5: Fyuzi ndogo. Shoti ikishaondoka funga kichwa cha hasi, kisha gusa kila fyuzi pande zote mbili kwa taa ya majaribio. Moto ukiwepo upande mmoja tu, imekatika. Angalia hasa ya DOME, ya redio na za EFI.

Hatua ya 6: Swichi ON. Tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikiwaka kisha ikazima baada ya kuwasha injini, kontroboksi inafikiri. Isipowaka kabisa, bado usiihukumu. Hakikisha volti 12 zinaifikia na waya zake za bodi ziko imara, kisha pima waya wa volti 5 kwenye sensa ya throto. Moto unaingia, bodi iko sawa, na 5 haipo hata ukichomoa sensa: sasa ndiyo uzungumzie kontroboksi.

Hatua ya 7: Washa, pima chaji. Kati ya 13.8 na 14.5 ni sawa kwa gari nyingi. Kisha geuza mita kwenye AC palepale kwenye betri. Ikizidi nusu volti, kuna dayodi mbovu hata kama chaji inaonekana nzuri.

MASWALI YA WANACHAMA

*Fundi, niko Ujiji na Probox. Balbu imezima nilipochomoa waya wa alteneta. Naweza kuja nayo Mwanga hivihivi?*

Njoo mchana, betri ikiwa imejaa, bila redio wala taa. Ile waya nene ifunge mpira vizuri, ina moto wa betri muda wote na ikigusa bodi utaanza somo upya. Chomoa na plagi ndogo ya alteneta. Mkanda usiutoe, kwa injini nyingi ndio unaozungusha pampu ya maji.

*Shikamoo fundi. Gari linawaka na linachaji, ila redio imekufa.*

Marahaba mwanangu. Itoe, nyuma yake kuna fyuzi ndogo. Nyingi zina dayodi ya ulinzi ambayo hujitoa mhanga ili redio ipone. Fyuzi mpya ikikatika tena, mpelekee fundi redio aibadilishe hiyo dayodi.

*Mkuu, mimi fyuzi kubwa ilikatika nikiwa Uvinza, nikaunga waya wa shaba nikafika. Kuna ubaya gani?*

Kaka, ulibahatika. Siku shoti ikirudi, kitakachokatika ni wayaringi nzima, pengine na kapeti. Utoe leo.

*Mzee wangu, Fuso ya betri mbili. Kijana kafunga, hakuna cheche, hakuna harufu, wala hakuna hata taa ya dashibodi.*

Fuso ni volti 24, betri mbili zimefuatana. Akigeuza moja, 12 inaondoa 12, inabaki sifuri. Kagua ule waya mfupi unaounganisha betri: lazima utoke chanya ya moja kwenda hasi ya nyingine. Ukirekebisha huenda usikute kilichoungua.

*Na pikipiki je? Nimegeuza, nikarudisha, sasa taa zinaungua kila nikivuta mafuta.*

Hiyo ni regyuleta, kile kidude cha alumini chenye mapezi. Pima kwenye betri ukiwa umevuta mafuta. Ukiona 15 na kupanda, usiendeshe usiku wa leo, utamaliza balbu zote na betri utaichemsha. Niambie umesoma ngapi.