Mfuatano wa namba: kutoka njiti za kiberiti hadi grafu

Mimina njiti za kiberiti mezani. Panga nne upate mraba mmoja. Ongeza mraba wa pili ubavuni mwake. Ubavu mmoja tayari upo, kwa hiyo unahitaji njiti tatu tu. Ukiendelea hivyo unapata 4, 7, 10, 13.

Hatua ya 1: jedwali. Safu ya juu andika idadi ya miraba, ya chini idadi ya njiti. Wengi huiruka hatua hii, wakatazama zile 4, 7, 10 peke yake na kusema "zinaongezeka tatu tatu". Ni kweli, lakini ukiulizwa miraba 100 utabaki kujumlisha hadi uchoke.

Hatua ya 2: tofauti. 7 − 4 = 3, 10 − 7 = 3, 13 − 10 = 3. Tofauti ikiwa ileile, kanuni huanza na 3n, n ikiwa idadi ya miraba. Jaribu: 3 × 1 = 3, ila sisi tuna 4. 3 × 2 = 6, tuna 7. Kila mara inapungua 1, basi njiti = 3n + 1. Miraba 100 inataka njiti 301.

Hatua ya 3: kwa nini? Kwangu mimi hapa ndipo hesabu inapoanza. Ile 1 imetoka wapi? Rudi mezani. Simamisha njiti moja mwanzo kabisa, upande wa kushoto. Sasa kila mraba unaufunga kwa njiti tatu: ya juu, ya chini na ya kulia. Ile ya kwanza ndiyo 1 yetu. Hata miraba ikiwa milioni, upangaji haubadiliki, na hulihitaji tena jedwali.

Hatua ya 4: grafu. Mhimili mlalo ni miraba, mhimili wima ni njiti. Weka nukta (1, 4), (2, 7), (3, 10), (4, 13), kisha laza rula: inazipitia zote. Ukienda hatua moja kulia unapanda 3. Huo ndio mteremko. Rula ikirefushwa kushoto inakata mhimili wima kwenye 1. Kanuni nzima unaisoma kwenye mchoro.

Ukipewa grafu ya mtu mwingine, anza na mihimili kabla ya umbo. Tuseme ni grafu ya nguzo: bei ikitoka shilingi 2,900 hadi 3,000, na mhimili wima ukaanzia 2,800, nguzo ya pili itakuwa na urefu mara mbili ya ya kwanza. Bei yenyewe haijapanda hata asilimia 4.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, zile nukta niziunganishe kwa mstari?*
Hapana, maana hakuna miraba miwili na nusu. Ingekuwa kina cha maji kwenye pipa kadiri muda unavyokwenda, ungeunganisha.

*Na tofauti zisipolingana? Nimepewa 1, 3, 6, 10, 15.*
Tofauti zake ni 2, 3, 4, 5. Tafuta tofauti za hizo nazo: 1, 1, 1. Zikilingana katika mzunguko wa pili, kanuni ina n kwa kipeo cha pili (n²), na nukta zitapinda kwenda juu. Yako ni n(n + 1) ÷ 2. Namba hizo utazikuta hata kwenye salamu: watu sita wakipeana mikono, kila mmoja na kila mwenzake, ni 5 + 4 + 3 + 2 + 1, yaani mara 15, namba yako ya tano.

*Nikiijaribu kanuni kwa namba ishirini na zote zikakubali, si inatosha?*
Haitoshi, ndugu yangu. Chukua n² − n + 41, ya mwanahisabati Leonhard Euler. Weka 1 unapata 41, weka 2 unapata 43, weka 3 unapata 47, zote namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Inakwenda hivyo bila kukosea hadi n = 40. Weka 41: −41 na +41 zinafutana, inabaki 41 × 41, yaani 1,681, ambayo si namba tasa. Aliyeitazama kanuni yenyewe angeliona hilo kabla ya kujaribu namba hata moja.