Kabla ya Kujibanza Pangani Kungoja Kusi Itulie

Mara nyingi kinachowatoa mabaharia bandarini kabla ya wakati ni unga kuisha, na mwenye mzigo kupiga simu kila saa. Kwa hiyo kungoja huandaliwa kule utokako. Pakia maji, unga, dagaa na mkaa vya siku kadhaa zaidi ya safari yenyewe, na mwenye mzigo aambiwe mapema kwamba Juni na Julai, kusi (upepo mkali wa kutoka kusini) inapovuma, siku ya kufika haipangwi. Kauli ya mwisho ni ya nahodha, basi.

Ukishaingia mtoni Pangani, mawimbi makubwa yanabaki nje. Penye hatari ni mlangoni, kwenye fungu la mchanga. Ingia mchana, maji yakiwa yanajaa. Yakianza kupwa, mkondo wa mto hukutana uso kwa uso na mawimbi yanayosukumwa na upepo, nayo hupanda na kuvunjikia pale pale juu ya fungu. Hata mashua ya injini huweza kupinduka hapo. Ukifika maji yanatoka, kaa nje kwenye kina mpaka yageuke, hata kama abiria wanalalamika.

Nanga itiwe kwa hesabu ya maji kupwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa pwani hii hukaribia mita 4, na maji hujaa karibu na saa 10, jioni na alfajiri. Ukitia nanga saa 10 jioni penye pima mbili (kama mita 3.7), saa 4 usiku chombo kinaweza kuwa kimelala ubavu. Kamba itolewe angalau mara tano ya kina cha maji kujaa, na pale inapopita omoni, mbele ya chombo, izungushiwe gunia au kipande cha mpira, kwani ndipo inapolika. Acha nafasi ya chombo kugeuka na mkondo.

Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isomwe yote, upepo na kimo cha mawimbi pia, maana upepo hutangulia kutulia na mawimbi hubaki. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia, hata boti kubwa za Dar es Salaam na Unguja zilisitisha safari.

Kusi hulegea alfajiri na kukaza mchana. Siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu maji hujaa kunapopambazuka. Hiyo ndiyo siku ya kuvuka fungu, ikiwa wavuvi wa hapo nao wanatoka.