Mgebuka wa kitenge, mkia usijikunje

Mabaki ya kitenge kwa mafundi wa Kigoma Mjini yanatosha kabisa kumshonea mtoto mgebuka, yule samaki wa Ziwa Tanganyika, wa kuchezea. Yafue kwanza: kitenge kipya hutoa rangi, na mtoto atakitia mdomoni tu. Kata vipande viwili vya umbo la samaki, vikutanishe uso kwa uso, shona sentimita 1 kutoka ukingoni, acha mwanya wa sentimita 5 tumboni. Wengi hukosea mkiani. Kabla ya kugeuza, chanja kona ya ndani kwa mkasi hadi karibu na mshono bila kuugusa, la sivyo mkia utavutika na kujikunja. Jaza pamba kidogo kidogo ukianzia mkiani, ziba tumbo kwa mkono, uzi ukunje mara mbili. Macho tarizi kwa uzi. Kifungo kinaweza kung'oka kikamkaba mtoto.